Jerandi darasani: orodha, “ku-”, maana au vifungu vizima?

Mwalimu wa Kiingereza anayefundisha Waswahili amesahihisha sentensi hizi mpaka kalamu nyekundu ikaisha wino: “I enjoy to read.” “She left without to say goodbye.” “I am used to wake up early.” Zote zimekosa jerandi, yaani lile umbo la kitenzi lenye “-ing” linalofanya kazi ya nomino. Na kila mwalimu ana namna yake ya kulifundisha. Mmoja anabandika orodha ya vitenzi ukutani, mwingine anapitia kwenye Kiswahili, wa tatu anaeleza maana, wa nne hagusi kanuni kabisa bali anawaongelesha wanafunzi hadi masikio yazoee.

Hapa nimeziweka njia hizo nne sambamba kwa ajili ya mwalimu anayeandaa somo na hajui ashike ipi. Sitataja moja kuwa bora kuliko zote. Sentensi tatu za hapo juu zinafanana machoni, lakini ni makosa matatu tofauti, na ndiyo maana walimu wawili wazuri wanaweza kubishana kutwa nzima juu ya jerandi na wote wakawa sahihi: kila mmoja anazungumzia kosa lake.

Vigezo

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito, ni mahali. Jerandi hukaa zaidi sehemu tatu. Hukaa mwanzoni mwa sentensi kama kiima: “Swimming is good for you.” Hukaa baada ya kihusishi: “before eating”, “without asking”. Na hukaa baada ya vitenzi fulani: “enjoy reading”, “finish writing”. Sehemu mbili za kwanza zina utaratibu unaotabirika. Ya tatu haina. Kitenzi kinachotangulia ndicho kinachoamua, “want” kikidai “to” na “enjoy” kikidai “-ing”. Njia inayotibu sehemu moja huenda isiguse nyingine.

Cha pili ni gharama: maandalizi, vipindi, na kama jambo linawezekana kwenye darasa la wanafunzi sitini wenye ubao na chaki tu. Cha tatu ni kama mwanafunzi anaitumia akiongea au inaishia kwenye karatasi ya mtihani. Cha nne ni inapovuja, maana zote zinavuja.

Tahajia, kama “write” kuwa “writing”, “swim” kuwa “swimming” na “lie” kuwa “lying”, naiacha nje. Hiyo ni kazi ya imla, na hufundishwa vilevile kwa njia yoyote utakayochagua.

Njia ya kwanza: orodha

Darasani. Mwalimu anagawa ubao pande mbili. Kushoto anaandika vitenzi vinavyofuatwa na “-ing”: enjoy, finish, avoid, keep, mind, practise, suggest. Kulia vinavyofuatwa na “to”: want, hope, decide, promise, agree, refuse, plan. Wanafunzi wananakili, wanakariri, kesho wanaulizwa. Wapo wanaotumia ufupisho wa MEGAFEPS, ambao kila herufi yake hubeba kitenzi: mind, enjoy, give up, avoid, finish, escape, practise, stop.

Gharama. Hakuna iliyo nafuu zaidi. Kipindi kimoja na chaki, basi. Hata mwalimu aliyeshikishwa kipindi cha mwenzake asubuhi hiyohiyo anaimudu.

Inachotibu. Sehemu ya tatu, baada ya kitenzi, na hiyo peke yake. Wanaoidharau njia hii husahau kwamba sehemu hiyo haina kanuni, kwa hiyo kukariri kidogo hakukwepeki hata ukitumia njia nyingine. Kwenye swali la kuweka kitenzi cha ndani ya mabano katika umbo linalofaa, mwenye orodha kichwani huokota alama zake haraka.

Inapovuja. Orodha nyingi zimepangwa kwa alfabeti, hivyo huanza na “admit” na “appreciate”, vitenzi ambavyo mtoto wa kidato cha kwanza hatavihitaji leo wala mwezi ujao. Hilo linarekebishika: panga kwa matumizi, anza na vichache vinavyosikika kila siku. Lisilorekebishika kirahisi ni kasi. Anayeongea hana nafasi ya kupekua orodha kichwani, na mwanafunzi aliyepata kumi kwa kumi asubuhi anaweza kusema jioni uwanjani “I enjoy to play with you” bila hata kushtuka. Isitoshe, orodha yenye pande mbili humfanya mtoto aamini kila kitenzi kina upande mmoja, hali “like”, “start” na “continue” hukubali pande zote mbili.

Inamfaa nani. Darasa kubwa, muda mfupi, mtihani uko mlangoni.

Njia ya pili: kupitia “ku-”

Darasani. Mwalimu anaandika “Asante kwa kuja” na kuuliza Waingereza wanasemaje. Darasa zima linajibu “Thank you for coming”, kwa sababu kila mtu amewahi kuisikia. Anaandika “Samahani kwa kuchelewa”, wanajibu “Sorry for being late”. Kisha anapigia mstari “ku-” kwenye Kiswahili na “-ing” kwenye Kiingereza. Kuanzia hapo mambo yanajifungua yenyewe: “kabla ya kula” ni “before eating”, “bila kuuliza” ni “without asking”, “badala ya kulia” ni “instead of crying”, “kwa kusoma” ni “by reading”.

Anayefundisha Waswahili asiione hii kama hila ya kutafsiri tu. Kiswahili kina ngeli nzima kwa kazi hii, ile ya KU, na mwanafunzi ameitumia tangu utotoni bila kufundishwa. Anajua kwamba kitenzi kinaweza kuwa nomino, kikawa kiima, kikapatanishwa: “Kuogelea kunafaa kwa afya.” Anajua kukimilikisha: “Kuimba kwake kulitufurahisha”, na hapo “Her singing pleased us” haimtishi, ingawa wanafunzi wa lugha nyingine hutokwa jasho kwenye umbo hilo. Anajua hata kukikanusha: “Samahani kwa kutofika” inatoa “Sorry for not coming”, na “not” inakaa mahali pake.

Vilevile “ku-” inatenga jerandi na mapacha wake. “Her job is teaching” na “She is teaching” zina neno lilelile, na vitabu huchukua kurasa kueleza tofauti. Mswahili anatafsiri tu: ya kwanza ni “Kazi yake ni kufundisha”, ya pili ni “Anafundisha”. Ikitoka “ku-”, ni jerandi. Ikitoka “-na-” au “-ki-”, siyo. “Nilimwona akivuka barabara” si jerandi, “Kuvuka barabara hii ni hatari” ni jerandi.

Kisha kuna hazina ambayo sijaona ikitumiwa vya kutosha: maneno mawili yanayotaja kitu kwa kazi yake. Maji ya kunywa ni “drinking water”, bwawa la kuogelea ni “swimming pool”, chumba cha kusubiri ni “waiting room”, sabuni ya kufulia ni “washing soap”. Mpangilio unageuzwa, “ku-” inakuwa “-ing”, na mtoto anaweza kuzunguka nyumbani kwao akitaja vitu.

Gharama. Maandalizi ni madogo, ila yanataka mwalimu anayekijua Kiswahili vizuri, na yanataka ruhusa. Shule nyingi hukataza Kiswahili ndani ya geti, na mwalimu anayekiandika ubaoni wakati wa kipindi cha Kiingereza anaweza kuitwa ofisini kujieleza. Mimi naona sentensi tano za Kiswahili zinazookoa vipindi vitatu vya maelezo ni biashara nzuri, lakini simlaumu mwalimu mgeni anayeogopa kujaribu.

Inachotibu. Sehemu ya kwanza na ya pili, kwa ukamilifu ambao njia nyingine haziufikii. Na inafika mdomoni, kwa kuwa mwanafunzi anaanzia kwenye alichonacho tayari.

Inapovuja. Sehemu ya tatu, na inavuja vibaya. “Nataka kusoma”, “nimemaliza kusoma”, “nimeamua kusoma”, “nafurahia kusoma”: Kiswahili kinatumia “ku-” kote, Kiingereza kinagawanyika. Mwanafunzi aliyeelewa kupita kiasi ataandika “I want going.” Madhumuni nayo yanamchanganya: “Nimekuja kusoma” inataka “I have come to study”, yeye anaandika “I have come for studying.” “Ni vigumu kuelewa” inataka “to understand”, kwa hiyo mfundishe pia kuangalia nafasi: “ku-” iliyotangulia kama kiima huwa “-ing”, iliyofuata baada ya “ni” na sifa huwa “to”. Kwenye “suggest” hakuna “ku-” ya kushika, kwani Kiswahili kinasema “Nilipendekeza tuondoke.” Na wapo watakaokuja na “sleeping room” kwa chumba cha kulala, wacheke kidogo, waendelee.

Mvujo mbaya kuliko yote ni “to” ya bandia. “Nimezoea kuamka mapema” haina kihusishi kwenye Kiswahili, lakini “used to” ya hapa inacho: “to” hiyo ni ndugu wa “for” na “without”, si ile ya “want to”. Ndiyo maana “I am used to waking up early” na “I look forward to seeing you” zinawashinda hata watu wenye shahada. Jaribio la haraka ni kuweka nomino baada yake. “I am used to the noise” inakubali, basi kitenzi kikija hapo kitavaa “-ing”. “I want to the noise” haikubali.

Inamfaa nani. Wanaoanza, na wale wanaokosea baada ya vihusishi. Inafaa pia darasa lenye wanafunzi wa lugha nyingi za Kibantu, kwa kuwa nyingi kati yake zina kitenzi-jina kinachofanana na cha Kiswahili.

Njia ya tatu: maana

Darasani. Mwaka 1968 mwanaisimu wa Marekani, Dwight Bolinger, alitoa hoja kwamba tofauti ya maumbo haya mawili si ya bahati nasibu. “-ing” huelekea kwenye jambo lililo halisi, linalotendeka au lililokwisha kutendeka. “To” huelekea kwenye jambo linalotazamiwa, ambalo bado ni wazo. Hapo “enjoy”, “finish” na “admit” zinaeleweka: huwezi kufurahia, kumaliza wala kukiri kitu ambacho hakijakuwapo. Na “want”, “hope”, “promise” nazo: zote zinatazama mbele.

Uzuri wa njia hii unaonekana kwenye vitenzi vinavyobadilika maana. “She stopped talking” na “She stopped to talk” ni mambo mawili. Kiswahili hapa kinasaidia kwa sura nyingine, kwa kubadilisha kitenzi chenyewe: “aliacha kuongea” na “alisimama ili aongee”. “I regret telling him” ni “najuta kumwambia”, bali “I regret to inform you” ni “nasikitika kukuarifu”. “Remember to lock the door” ni agizo, “kumbuka kufunga mlango”, na “I remember locking the door” ni kumbukumbu, “nakumbuka nilifunga mlango”. Ile “-li-” ndiyo inayobeba uhalisi ambao Kiingereza kimeupa “-ing”.

Gharama. Kubwa. Inataka mifano iliyoandaliwa kwa uangalifu, maigizo kidogo, na darasa linaloweza kujadiliana. Kwa wanafunzi sitini wanaofika wakiwa na njaa saa saba mchana, sishauri.

Inachotibu. Sehemu ya tatu tu, ila inatibu kwa kumpa mwanafunzi sababu, na mtu mzima hushika anachokielewa kuliko anacholazimishwa.

Inapovuja. “Avoid”, “postpone”, “suggest”, “consider”, “risk”: vyote vinachukua “-ing” ingawa jambo lenyewe halijatokea na pengine halitatokea. “Manage” kinachukua “to” ingawa jambo limefanikiwa kabisa. Ukiwaambia wanafunzi kuwa hii ni sheria, mwerevu wa darasa atainua mkono na “avoid” mkononi. Waambie ni mwelekeo, na vichache vinavyokaidi virudishwe kwenye orodha.

Inamfaa nani. Wa ngazi ya juu: kidato cha tano na sita, chuo, watu wazima wanaoandika barua za kikazi.

Njia ya nne: vifungu vizima

Darasani. Hakuna neno “jerandi”. Mwanafunzi anapewa kifungu kizima kama kilivyo: “Would you mind waiting?”, “How about going by boat?”, “It’s worth seeing”, “I can’t help laughing”, “I’m looking forward to seeing you”. Anakirudia katika mazungumzo, anabadilisha neno la mwisho tu, anakutana nacho tena kwenye hadithi anayosoma. Mwingereza Michael Lewis aliitetea njia ya namna hii mwaka 1993, na kabla yake John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham, waliotoa kamusi yao ya COBUILD mwaka 1987, walikuwa wameonyesha kwa kutumia kompyuta na hazina kubwa ya matini kwamba maneno huenda na wenzake wa kudumu. “Looking forward to” si sarufi ya kuchambuliwa kila mara. Ni kipande kimoja.

Gharama. Muda mrefu, na mwalimu ambaye Kiingereza chake cha kuongea kiko imara, kwani anachokosea yeye darasa zima litakiiga. Vitabu vya hadithi vinahitajika. Darasa kubwa linaweza kugawiwa wawiliwawili, kelele zitakuwepo.

Inachotibu. Sehemu zote tatu, kifungu kwa kifungu. Kwa kuongea ndiyo njia inayosikika kwa ufasaha wa mapema zaidi.

Inapovuja. Mwanafunzi anajua “Would you mind waiting?” lakini akikutana na “mind” ndani ya sentensi asiyoizoea anaweza kuandika “I don’t mind to help”, maana hakufundishwa kuona kiungo. Mtihani unaodai kugeuza sentensi ianze na “Instead of…” humkuta mtupu. Na asipokutana na vifungu mara kwa mara nje ya kipindi, vinayeyuka.

Inamfaa nani. Anayekihitaji Kiingereza mdomoni, wiki hii.

Kuchagua kulingana na hali yako

Kabla ya kuchagua, chukua madaftari ya insha za karibuni na uhesabu makosa kwa mahali: baada ya kihusishi, baada ya kitenzi, au baada ya ile “to” ya bandia. Jioni moja inatosha, na mara nyingi hesabu hiyo inakuchagulia.

Ukiwa na kidato cha kwanza Tanzania, watoto waliosoma msingi kwa Kiswahili na sasa kila somo limegeuka Kiingereza, “ku-” inawapa ushindi wa haraka kwenye kiima na vihusishi. Usiwaguse “stop” na “remember” bado. Vitenzi vya orodha viongezwe vichache vichache, kwa kadiri vinavyotokea kwenye masomo yao mengine.

Darasa la mtihani lenye wiki chache mbele: orodha iliyopangwa kwa matumizi, pamoja na mazoezi ya kugeuza sentensi. Ukiona makosa mengi ni “without to” na “before to”, kipindi kimoja cha “ku-” kitakuwa na faida kuliko orodha ndefu.

Wahudumu wa hoteli Zanzibar, waongoza watalii Arusha, madereva wa watalii Mombasa: vifungu. Mgeni hamuulizi mtu sehemu ya sentensi. “Would you mind waiting here?” na “Thank you for choosing us” zitawafikisha mbali, na mwenye hamu ya kujua kwa nini ataelezwa baadaye.

Wanafunzi wa Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura waliosoma kwa Kifaransa wanahitaji uangalifu wa pekee. Kifaransa baada ya vihusishi hutumia kitenzi-jina, “avant de manger”, “sans manger”, na ni “en” tu inayodai umbo jingine, “en mangeant”. Kwa hiyo lugha zao mbili zinawavuta kuelekea “without to eat”. Ukianza na “kwa kusoma”, “en lisant”, “by reading”, unakuwa umepita kwenye mlango pekee ambao Kifaransa nacho kinakubaliana na Kiingereza. Kisha unapanua kwenda kwa vihusishi vingine.

Anayejiandaa kwa mtihani wa kimataifa wa kuandika, au karani anayeandika barua pepe za ofisi, aende kwenye maana, na aitenge “to” ya bandia kama somo lake la peke yake: “look forward to”, “be used to”, “object to”, “in addition to”.

Darasa ambalo hamna lugha ya pamoja, kama la watu wazima wageni Ulaya au Marekani ambapo Mswahili ameketi kati ya Mwarabu na Msomali, litamlazimisha mwalimu kutumia vifungu au orodha. Mswahili aliyemo humo anaweza kufanya kazi yake ya “ku-” pembeni ya daftari, kimyakimya, na akawatangulia wenzake kwenye vihusishi.

Na anayejisomea mwenyewe, bila mwalimu: soma hadithi nyepesi, na kila ukikuta “-ing” jiulize Kiswahili chake ni “ku-”, “-na-” au “-ki-”. Ikiwa ni “ku-”, andika neno lililoitangulia pamoja nayo. Orodha utakayoipata itakuwa fupi kuliko ya vitabuni, na itakuwa na vitenzi unavyokutana navyo kweli.